Arusha: maji ya kutosha au maji yanayofaa kwa mtoto?

Jijini Arusha kuna uamuzi wa afya ya jamii ambao haupigiwi kura wala hausomwi redioni. Unafanyika kwenye matenki ya kuchanganyia maji: kisima kipi kiwashwe, maji ya chemchemi ipi yaongezwe, na kwa kiasi gani. Visima vingi vinavyouzunguka Mlima Meru vina floraidi (kitu cha asili kinachotoka kwenye miamba, na kikizidi huharibu meno na mifupa) nyingi kuliko mwili unavyohitaji, ilhali baadhi ya chemchemi zina kidogo. Ukiyachanganya unapata maji ya katikati, na ndiyo yanayomfikia mama anayemkorogea mwanawe uji. Nataka kuutazama uamuzi huo kwa pande zake zote mbili, kwa sababu kila upande una hoja yenye uzito, na kwa sababu naona mjadala wetu umekwama mahali ambapo haukupaswa kukwama.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yamebeba floraidi. Maji ya mvua hudondoka yakiwa karibu hayana floraidi kabisa, lakini yakishapenya na kukaa kwenye miamba hiyo kwa miaka, hubadilika. Kinachozidisha tatizo ni kwamba maji ya huku yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Penye kalsiamu ya kutosha, floraidi hunaswa na kuganda kuwa madini. Penye magadi, hubaki imeyeyuka. Ndiyo maana maziwa ya Momella yana floraidi inayofikia mamia ya miligramu kwa lita, na mto Engare Nanyuki hupita vijijini ukiwa na zaidi ya miligramu 10.

Ukifuata barabara ya Moshi hadi Maji ya Chai utakutana na watu wazima ambao meno yao ya mbele yana mistari ya kahawia iliyolala, mingine imechimbika na kingo za jino zimemeguka. Utawaona wasichana wanaocheka wakiwa wameziba mdomo. Si uchafu, na hakuna mswaki wa kuuondoa. Rangi hiyo iliingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya mwanzo ya maisha. Wanaokunywa maji makali zaidi kwa muda mrefu huathirika hadi kwenye mifupa: mgongo unakakamaa, viungo vinauma, watoto wanapata matege.

Doa hilohilo ndilo lililoanzisha sera ya floraidi duniani. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia na hakuna aliyejua sababu. Ilichukua miaka 30, hadi 1931, kuthibitishwa kwamba chanzo ni floraidi kwenye maji. Katika uchunguzi huo likaonekana jambo la pili: meno yale yenye madoa hayakuoza kirahisi. Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba ili kuzuia meno kuoza. Tangu 2015 kiwango kinachopendekezwa Marekani ni miligramu 0.7 kwa lita.

Katika miji hiyo watu huligombania jambo hili hadharani. Madiwani wa Calgary, Kanada, waliiondoa floraidi mwaka 2011. Oktoba 2021 wananchi wakapiga kura, na takriban asilimia 62 wakataka irudi. Ikarudi mwishoni mwa Juni 2025. Mito inayouhudumia mji huo, Bow na Elbow, ina kati ya miligramu 0.1 na 0.4 kiasili, kwa hiyo kampeni zote zile, za miaka na miaka, zilihusu takriban nusu miligramu. Arusha tofauti kati ya kisima kimoja na kingine inaweza kuwa miligramu kadhaa, na sijui wangapi kati yetu tumewahi kuuliza bomba letu lina ngapi.

Sisi viwango tunavyo, na historia yake inafundisha. Mwaka 1974 Tanzania ilikubali kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Shirika la Afya Duniani linasema 1.5. Kiwango chetu kilikuja kushushwa hadi 4, na viwango vya mwaka 2018 vikakifikisha kwenye 1.5. Waliopanga 8 hawakuwa wazembe. Walijua kwamba wakishika 1.5 wangelazimika kufunga vyanzo vingi vya kaskazini bila kuwa na maji mengine ya kuwapa watu.

Na hiyo ndiyo hoja ya upande wa kwanza, ambao unastahili kusikilizwa vizuri kuliko unavyosikilizwa. Mji bila maji ya kutosha hurudi kwenye mifereji na maboza yasiyojulikana yalikochota. Kipindupindu humwua mtu kwa siku moja au mbili. Floraidi humdhuru kwa miaka. Mgao unapozidi, wa kwanza kuumia ni yule asiye na simtanki, anayeamka alfajiri kungoja bomba litoe na anayenunua dumu kwa bei ya juu kuliko bei ya lita zilezile kwenye bili ya mwenye bomba ndani. Ukifunga kisima chenye miligramu 3 kwa jina la afya, umempunguzia mtu huyo maji ya kunawa mikono na kufulia nepi, na hiyo nayo ni afya. Kisha kuna gharama. Maji mengi ya bomba huishia chooni, kwenye kufua na kumwagilia. Kuyasafisha yote floraidi ili kaya inywe lita chache kwa siku ni kutumia umeme na fedha nyingi mahali pasipohitajika. Mradi mkubwa wa Arusha wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Mji uliokuwa na kiu ya namna hiyo ulihitaji wingi wa maji kwanza, na wingi huo uko kwenye visima virefu.

Upande wa pili unajibu kwa kulishika neno “muda”. Kiwango cha muda cha 1974 kilidumu zaidi ya miaka 30. Waliozaliwa mwaka ule walikua, wakaoa, wakazaa watoto waliokunywa maji yaleyale. Kila kiwango kilegevu kinapotangazwa, shinikizo la kutafuta chanzo kingine hupungua: mhandisi anaandika kwamba kisima kimefaulu, bajeti inahamia kwingine. Dhara lenyewe halirudi nyuma. Ukishavuka utoto, maji mazuri ya baadaye hayalirudishi jino kuwa jeupe. Na aliyeamua hakuwa mtoto. Mwenye uwezo ananunua maji ya chupa, wa mtaa wa pili anakunywa kinachotoka. Hili la haki ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu doa la meno humfuata mtu kwenye usaili wa kazi na kwenye uchumba, na linatangaza kwa kila amtazamaye ni maji gani aliyokunywa akiwa mdogo.

Ushahidi mpya unaupa upande huu nguvu. Agosti 2024 mpango wa serikali ya Marekani unaochunguza sumu ulihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 yanahusiana na akili pungufu kwa watoto. Ripoti hiyo haikusema hivyo kuhusu 0.7, jambo ambalo wasambazaji wa klipu za kutisha hulificha. Mtu wa mkoa ambao maji yake yana floraidi kidogo hana sababu ya kutupa dawa ya meno yenye floraidi kwa sababu ya klipu hizo. Atajiletea meno yaliyooza. Mzazi wa Maji ya Chai ndiye anayepaswa kuangalia mtoto wake asimeze dawa ya meno na aweke kidogo tu kwenye mswaki, kwa kuwa mwanawe anapata floraidi ya kutosha na zaidi kutoka kwenye maji, kwenye chai, na kwenye magadi yanayolainishia makande na maharage.

Kwa mizani yangu, pande zote mbili zinakosea kitu kilekile: zinagombania namba moja kwa maji yote. Lita ya kunywa na kupikia si sawa na lita ya kudekia. Na hapo ndipo suala la kutunza maji, ambalo tumezoea kulisikia kama kaulimbiu ya Wiki ya Maji kila Machi, linapogeuka kuwa suala la meno.

Chukua hesabu ya mchanganyo. Tuseme kisima kina miligramu 4 na chemchemi ina 0.5. Ili mchanganyo ufike 1.5, kila lita 1,000 za kisima zinataka lita 2,500 za chemchemi. Kiangazi kikikaza, au bomba la chemchemi likipasuka njiani, zikabaki lita 1,500, bomba la nyumbani linapanda hadi 1.9 bila mtu kubadili chochote kingine. Maji hayakubadilika rangi wala ladha, na mtumiaji hana namna ya kujua. Kwa hiyo kila lita ya maji mazuri inayovuja barabarani inafidiwa na pampu ya kisima, na fundi anayeziba bomba lililopasuka anapunguza floraidi bila kemikali hata moja. EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, huhesabu upotevu wa maji wa hadi asilimia 20 kuwa unavumilika. Mamlaka nyingi za maji nchini ziko juu ya hapo. Kabla ya kubishana juu ya mitambo ya bei kubwa, ningependa kuona vikosi vya kuziba mabomba ya chemchemi vikipewa magari na vipuri kwanza.

Vivyo hivyo na ulinzi wa vyanzo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Miteremko ya Meru inalimwa na kujengwa, na maji mazuri yanagombaniwa na mashamba, hoteli na makazi. Kilimo kinahitaji maji, sikatai, na kinalisha watu. Lakini si kila zao linahitaji maji yenye floraidi kidogo, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, inayotoa vibali, inaweza kuipa ubora nafasi sawa na wingi pale inapogawa.

Vipi kuhusu kuiondoa floraidi yenyewe? Kuchemsha hakusaidii, maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi iliyobaki inakuwa kali zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa kuwa punje nyeusi, inajazwa kwenye ndoo au tangi, na maji yanapitishwa humo. Inafanya kazi. Ikichomwa vibaya, maji yananuka na kaya inaiacha ndani ya wiki. Ikichomwa vizuri bado punje huchoka, na ndoo iliyochoka hutoa maji maangavu yaleyale huku floraidi ikipita yote. Wapo pia ambao hawawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa wasiyojua ni ya mnyama gani, na hilo ni swali la imani linalostahili jibu la heshima. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapohapo Arusha, alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, kwa hiyo vipaji tunavyo. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi nyumba kwa nyumba kupima na kubadilisha kichujio. Kazi hiyo ikiachiwa kaya peke yake, itakufa. Ikifanyika kwenye kioski cha maji, ambako mwendeshaji mmoja anahudumia watu wengi na anaweza kukaguliwa, ina nafasi ya kuishi.

Kwa hiyo ningeshika 1.5 kwa maji ya kunywa bila kulegeza, na ningekubali kisima cha juu ya hapo kiendelee kutumika kwa sharti moja: watu wa eneo linalopata maji hayo waambiwe kwa namba, na wawe na kioski chenye maji ya kunywa yaliyopimwa, kwa bei ileile ya bomba. Namba hiyo iandikwe kwenye bili na kwenye ujumbe wa simu unaokuja na bili. Wapo wanaohofia taharuki, na hofu yao ina msingi. Taharuki ya kuacha maji ya bomba na kurudi mtoni ingekuwa hasara. Ila watu wa Meru wanayajua meno yao tangu zamani. Anayeambiwa kwamba maji haya ni ya kufulia na yale ya uji yako pale, atajua la kufanya.

Pa kuanzia ni shule za msingi na kliniki za mama na mtoto, kwa kuwa umri unaodhurika unapita huko. Paa la mita za mraba 200, mvua ikiwa milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 160,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 128,000. Wanafunzi 400 wakinywa lita moja kila siku kwa siku 200 za masomo wanahitaji lita 80,000. Mvua inatosha. Gharama iko kwenye tangi la kuyahifadhi kutoka masika hadi vuli na kwenye mfuniko wa kuzuia mbu na uchafu, na hiyo ni gharama ambayo halmashauri inaweza kuiweka kwenye bajeti ya mwaka ujao.