Farasi Kafika, Mzigo Umebaki

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anaishi katika kijiji kimoja cha Derbyshire, Uingereza, na amepanda farasi tangu akiwa binti. Aliponialika nimsindikize matembezini asubuhi moja ya Januari, theluji ya usiku ikiwa ingali juu ya kuta za mawe, nilikubali papo hapo, maana mtu aliyezaliwa Lamu, mji ambao punda hubeba mchanga, matofali na mitungi ya gesi hadi wakajengewa hospitali yao, hababaiki mbele ya mnyama mwenye kwato. "Haya, shemeji," aliniambia huku akinifunga kofia ngumu kidevuni, "lakini huyu si punda wa kwenu." Kaka yangu, ambaye tangu ahamie huko hajawahi kukalia kitu chenye miguu minne isipokuwa kiti, alibaki dirishani na kikombe chake cha chai, akitupungia mkono kwa furaha ambayo haikunipendeza.

Farasi niliyepewa aliitwa Biscuit, jina jepesi mno kwa kiumbe wa zaidi ya kilo 500 na miguu yenye manyoya yanayofunika kwato. Nilivishwa kizibao cha manjano kinachong'aa, kilichoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa maneno ya kuwaomba madereva wapite mbali na polepole, kwani tangu mwaka 2022 kanuni za barabarani za huko zinamtaka dereva anayempita farasi asizidi maili 10 kwa saa na aache nafasi isiyopungua mita 2. Shemeji aliwapaka farasi wote wawili mafuta mazito chini ya kwato ili theluji isigande humo. Wake aliinua miguu yote kwa adabu, ilhali Biscuit aliinua ya mbele na kukataa katakata kuinua ya nyuma.

Ulipofika wakati wa kukaza mkanda wa tandiko, Biscuit alivuta pumzi ndefu akalitunisha tumbo. Ni hila ya kale ya farasi: hujaza kifua mkanda unapokazwa, kisha hupumua taratibu ukishafungwa, na mkanda ukabaki umelegea. Ndiyo maana wapandaji huukaza upya baada ya kutembea kidogo. Shemeji alinikumbusha hilo njiani, lakini kazi hiyo hufanywa kwa mkono mmoja mtu akiwa ameinama, na yangu yote miwili ilikuwa imeshika singa za Biscuit, tena kwa ahadi ya kutoachana.

Njia yetu, iliyoonyeshwa kwa mshale wa buluu, ilikatiza mashamba ya kondoo yenye malango. Lango la njia kama hiyo huwekewa mpini mrefu uliosimama, ili mpandaji alifungue bila kushuka, na ni ubunifu mzuri sana iwapo farasi naye ameafiki. Biscuit hakuafiki. Kila niliponyoosha mkono alisogea kando kiasi kile kile cha kuniacha vidole vikigusa hewa, na nilipourudisha mkono alisogea tena langoni, akalisimamia kwa utulivu wa bawabu anayesubiri chake. Shemeji alilifungua akiwa juu ya farasi wake, akitumia kidole kimoja, nami nikajifanya natazama mandhari.

Baada ya hapo mheshimiwa aligundua ua wa vichaka ambao ulikuwa bado na majani, akasimama kula. "Mguse kwa visigino!" shemeji aliagiza. Nilimgusa. Biscuit aligeuza shingo, akakitazama kiatu changu kwa muda, kisha akarudi kwenye majani yake. Nilimbembeleza, nikamkemea, mwishowe nikamsomea dua, naye akaendelea kutafuna.

Wakati huo huo theluji ilikuwa imeshindiliwa katika zile kwato za nyuma zisizopakwa mafuta, ikawa mabonge ya barafu yaliyomwinua makalio, hata nikajikuta nimekaa mteremkoni. Alipoteleza kidogo na kujiweka sawa, tandiko lilianza kuzunguka. Halikuzunguka kwa ghafla, na hilo ndilo lililonitesa, kwani lilinipa nafasi ya kuzungumza.

"Shemeji, mbona unainama?"

"Siinami, shemeji. Napelekwa."

"Basi rudi katikati."

"Katikati yenyewe imehama."

Nilishuka kwa bega la kushoto, nikaingia kichakani, na Biscuit, kwa heshima zake, alisogea nisimzuilie chakula. Shemeji aliteremka akicheka machozi, akafungua mkanda na kulivua tandiko ili amchokoe barafu kwatoni. Alipomaliza ukwato wa mwisho, Biscuit, akiwa sasa hana tandiko, hana barafu wala hana mimi, aliona kwamba shughuli imekwisha, akageuka na kushika njia ya nyumbani kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za kudunda, ambao asubuhi nzima alidai hana. Farasi aliye huru barabarani ni hatari kwa kila mtu, hivyo shemeji aliruka juu ya wake akamfuata, akinipigia kelele nije na tandiko kwa barabara ya lami.

Nililitia kichwani kama tunavyobeba mizigo kwetu, nikaanza safari. Simu ililia; alikuwa kaka.

"Mdogo wangu, wazee walisema punda afe, mzigo ufike. Hapa kwangu mnyama kafika mzima na anakula. Mzigo uko wapi?"

Nikiwa bado natafuta jibu linalomfaa mkubwa wangu bila kumvunjia heshima, gari lilitokea nyuma. Dereva, mzee wa makamo, alisoma mgongo wangu, akapunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa, akahamia upande wa pili wa barabara na kunipita kwa zile mita 2 kamili. Kisha akasimama, akateremsha kioo, akatazama mbele yangu na nyuma yangu, na kuniuliza kwa upole kama kuna farasi anayefuata, ili aendelee kusubiri.