Anapanda Ndege Shemeji, Nachoka Mimi

Jana usiku nimeshtuliwa na ujumbe wa shemeji yangu wa Dar: "Shem, kesho saa mbili asubuhi natua Mbeya, uje unipokee." Anatua Mbeya! Habari ya kutua mjini iliisha 2012. Siku hizi mnatua Songwe, nayo hiyo Songwe wala haiko Mkoa wa Songwe, iko huku huku kwetu, mbele ya Mbalizi, kilomita 20 na ushee, umepangwa foleni na malori ya Tunduma. Yeye hewani saa moja na ushee tu. Mimi niamke saa kumi.

Basi nikavaa koti la harusi, nikamfuata mwenye Noah pale Kabwe.

"Elfu themanini, kwenda na kurudi."

"Kijana," nikasema kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao, "gari sinunui. Naomba kupelekwa."

"Mgeni anakuja na ndege?"

"Ndiyo."

"Basi hela anayo. Mwambie atume."

Nimwambie nani? Kaka wa mke wangu? Daftari la mahari analo yeye! Nikitaja nauli tu, analifungua.

"Haya, na ukungu?"

"Ukungu wa nini tena?"

"Wa Songwe, mzee. Ndege ikizunguka ikashindwa kushuka, inarudi Dar. Mimi nakusubiri. Kusubiri kuna bei yake, elfu kumi kwa saa."

Yaani nilipie na ukungu! Nikamuuliza, na lori likilala kwenye mteremko wa Iwambi je? Akavua kofia. "Hiyo ni ya Mungu, mzee. Hiyo sichaji."

Hapo uungwana ukaniishia. Nilisema maneno ambayo mama ntilie wa jirani aliacha kugeuza chapati.

Nyumbani nako mke kachinja kuku aliyekuwa anataga. Mgeni akiondoka atataka gunia la mchele wa Kyela. Nasikia ndegeni mwisho kilo 23, Mungu ambariki aliyeleta ile mizani.

Halafu huyo mtu haogi maji ya baridi. Mwezi wa sita huu! Ndoo mbili za moto, asubuhi na jioni, na mkaa nanunua mimi. Na muuza mkaa naye siku hizi kajaa vituko: juu ya gunia kaweka majani hadi mkono unazama. Ukimuuliza, eti ya kuzibia. Kuzibia nini, nusu gunia?