Trekta Lililokwenda Mbele kwa Rivasi

Makumbusho ya kilimo yako ya aina mbili. Kuna yale ambayo kila kitu kimewekwa nyuma ya kamba na kibao cha "Usiguse", na kuna yale ya uwanjani, wajukuu wa Skansen ya Stockholm iliyofunguliwa mwaka 1891, ambako nyumba za kale zimehamishwa nzima nzima, mabata bukini wanajitembelea, na siku za mapumziko mitambo inawashwa watu wakiona. Shemeji yangu hafai kupelekwa popote kati ya hizo mbili. Siku hiyo tulikwenda ya uwanjani.

Dalili zilianzia kwenye chumba cha maziwa. Palikuwa na mashine ya mkono ya kutenganisha krimu, ya ule uvumbuzi ambao Gustaf de Laval wa Sweden aliutoa mwaka 1878. Bakuli la ndani linazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Maziwa yasiyo na krimu, kwa kuwa ni mazito zaidi, yanasukumwa pembeni, krimu inabaki katikati, na kila kimoja kinatoka kwa mdomo wake. Mpini una kengele. Kengele hiyo hulia kila mzunguko mpaka mzungushaji afikie kasi inayotakiwa, hapo ndipo hunyamaza, na ukilegea inaanza tena kukusema. Shemeji hakuwa na habari hiyo. Alishika mpini, akasikia ng'a, akaamini ameamsha kengele ya wezi, na kwa woga akazidisha kuzungusha. Ng'a, ng'a, ng'a, kisha kimya.

"Umeona, Shem? Nimeizima."

Akaachia. Bakuli likaendelea kuvuma peke yake, maana halina breki na halishikwi kwa mkono, huachwa lichoke lenyewe. Shemeji akatoka akitazama dari, huku chumba kizima kikivuma nyuma yake. Plau, mizinga ya nyuki na mashine ya kuvuna tulizipita mbio.

Nje, mzee mmoja wa makumbusho, mwenye ovaroli iliyokwisha kuwa na rangi ya oili, alikuwa anaandaa trekta la silinda moja, la aina ile ya Lanz Bulldog ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1921. Usidharau silinda moja. Kwenye matoleo makubwa ya miaka ya 1930 ina kipenyo cha milimita 225, na pistoni inasafiri milimita 260, yaani lita 10 na ushee kwa pistoni moja. Halina plagi ya cheche. Mbele kuna kichwa cha chuma ambacho lazima kipashwe moto kwanza; mafuta yakinyunyiziwa ndani yanawaka kwa joto la chuma chenyewe. Na mafuta yenyewe halichagui, hata oili chafu linakunywa.

Mzee alianza na kabari mbili za mbao kwenye magurudumu. Akawasha taa ya kupulizia moto, ile ya tangi dogo na pampu, akaielekeza kwenye kichwa kwa dakika kumi hivi, huku akisukuma oili kwa mkono ifike kwenye beringi kabla ya kazi. Kisha akafanya lile ambalo watu walikuja kuliona: alichomoa usukani. Wote, pamoja na shafti yake, akauchomeka kwenye ncha ya krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini. Kwenye trekta hili usukani ndio hendeli ya kuwashia. Na hauzungushwi mzunguko mzima, hakuna mwenye ubavu huo. Unabembeza: huku mpaka ugonge mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kule mpaka ugonge mgandamizo, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikipiga teke, gumba lililokumbatia mpini linavunjika.

Mbembeo mmoja ulipita. Pu! Moshi. Pu. Pu. Pu. Trekta likaanza kurukaruka palepale lilipo, na watu wakapiga makofi.

"Lete mzee, nikusaidie," Shemeji akasema, na kabla hajajibiwa usukani ulikuwa mikononi mwake. Mzee alikuwa anazima taa, akamwachia aurudishe mahali pake. Shafti inatakiwa izame mpaka meno yake yaumane na uihisi imekaa. Shemeji aliichomeka mpaka ikasimama, akaipigapiga kichwani, akakimbilia nyuma ya trekta, akapanda juu ya mkokoteni wa nyasi kavu uliokuwa kwenye kiteremko cha kwenda bwawani.

"Shem! Nipige picha trekta likiondoka!"

Mimi nilikuwa natazama flaiwili. Injini ya namna hii ni ya mipigo miwili. Haina vali, hewa na moshi vinapita kwenye matundu ya ukuta wa silinda, na pistoni huyafunua na kuyaziba kwa kipimo kilekile, izunguke huku au kule. Kwa hiyo ikishika kwenye mbembeo wa kurudi, inazunguka kinyume kwa sauti ileile na moshi uleule, na furaha yake haipungui. Bulldog wa kwanza hakuwa hata na gia ya rivasi: dereva alipunguza mafuta mpaka injini ikakaribia kuzimika, akaongeza pale ilipojirudisha yenyewe, basi, safari ya nyuma. Kwa matrekta yenye rivasi, tabia hiyo imebaki bila kazi, na dawa yake ni kuchora mshale kwenye kava na kuutazama kabla ya kuingiza gia. Mshale ulikuwepo, mwekundu. Flaiwili ilikuwa inaukimbia.

Nikapiga kelele. Mzee akadhani nashangilia, akanipungia mkono. Akaondoa kabari, akapanda, akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, akiwa amekaza macho kwenye lango la mbele.

Trekta likaenda nyuma.

Lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu kila mtu alipata nafasi ya kutoa maoni. Shemeji aliwahi kuwa utingo. Badala ya kuruka, mwili wake ulikumbuka kazi: akaanza kugonga ubao wa mkokoteni akiita, "Njoo! Njoo! Bado! Njoo, mzee!" Mzee akageuka, akaona nyasi zinamjia, akakata usukani kulia. Usukani ukakubali, ukatoka wote. Akabaki ameushika kifuani, akautazama, akatutazama sisi.

Mguu ulipoikumbuka klachi, trekta lilikuwa limeshaugusa mkokoteni. Liligusa tu. Lakini mkokoteni haukuwa na kabari, kwa kuwa makumbusho ilikuwa na jozi moja na ndiyo iliyokuwa chini ya trekta. Ukaanza kuteremka taratibu, kisha si taratibu tena. Mabata bukini waliliachia bwawa bila majadiliano. Maji yaliishia kwenye vikombe vya magurudumu, nyasi zikahama upande mmoja, na Shemeji, aliyesimama ili aonekane vizuri pichani, akaketi majini.

Mzee hakuzima injini. Alishuka, akarudisha usukani mwenyewe akiusukuma kwa uzito wa mwili mpaka meno yakauma, akautikisa, akautikisa tena. Akatazama flaiwili, akatazama mshale, akatikisa kichwa. Akafunga mnyororo kutoka kwenye ndoano ya nyuma hadi kwenye mkokoteni. Injini ilikuwa bado inazunguka kinyume, kwa hiyo gia zote za mbele zilikuwa za kurudi nyuma, na gia pekee ya kwenda mbele ilikuwa rivasi. Akaingiza rivasi, na trekta likapanda kiteremko likitazama mbele, likimvuta Shemeji aliyesharudi juu ya nyasi zake. Watazamaji tuligawanyika pande mbili. Mbele na nyuma hapakuwa na mtu.

Kule juu mzee akasafisha koo, akatangaza kwamba saa tisa kutakuwa na onyesho la mashine ya kupura, inayoendeshwa kwa mkanda mrefu kutoka kwenye trekta hilohilo, na kwamba anahitaji mtu mmoja wa kumshikia mkanda.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa unachuruzika maji mpaka kiwikoni.