Daftari Tupu la Mtoto wa Awali

Mzazi anayelipa ada ya shule ya awali Dar es Salaam hufungua daftari la mwanawe jioni, na akikuta kurasa tupu huuliza, kwa haki kabisa, mtoto ameshinda akifanya nini. Akiambiwa walikuwa uwanjani, haridhiki. Mbele yake kuna darasa la kwanza, na shule nyingi binafsi huwafanyia watoto usaili wa kalamu na karatasi kabla ya kuwapokea. Wanaomcheka mzazi huyu kwamba hajui malezi wanamwonea.

Walimu nao wana lao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, watoto wakamiminika, na kile kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 kikabaki kwenye makaratasi ya shule nyingi za umma. Kuwatoa watoto sitini kwenye uwanja usio na uzio, huku bodaboda zikipita hatua chache, si jambo la kumlazimisha mtu.

Hata hivyo, upande wa uwanja haujapata kuelezwa ipasavyo, maana hata wanaoutetea huuita mapumziko. Mtazame mtoto anayecheza mdako. Vijiwe vimo kishimoni. Anarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka anavikokota vyote nje, kisha anakidaka. Anarusha tena, na safari hii anavirudisha shimoni vyote isipokuwa kimoja. Akifika hatua ya pili anatakiwa kubakiza viwili, ya tatu vitatu, na akikosea idadi hakuna anayemsubiri: wenzake wanapiga kelele na zamu imekwenda. Hapo pana kuhesabu, kutoa na kugawa mafungu, tena kwa kasi ambayo ubao hauiwezi, na vidole vinavyokokota vijiwe ndivyo vitakavyoshika penseli. Daftarini halionekani hata moja.

Kuna na macho, ambayo kwetu hayatajwi sana. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwafuatilia watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 kwa miaka mitatu. Nusu ya shule hizo ziliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa watoto waliopata tatizo la kutoona mbali katika kundi la nje walikuwa takriban asilimia 30, na katika kundi jingine takriban 40. Dakika 40 ni kipindi kimoja tu! Ni kweli kwamba watoto wale walikuwa wakubwa kidogo kuliko wa awali, na mzigo wao wa vitabu si huu wa kwetu, kwa hiyo tarakimu hizo hazihamishiki moja kwa moja hadi Mbagala. Lakini mtoto anayetoka darasani akapanda basi la shule, kisha akashinda na simu ya mama ndani ya fleti, maisha yake hayako mbali sana na ya yule wa Guangzhou.

Hoja ya usalama inajibika kwa uzio, kivuli cha mwembe na msaidizi mmoja, ingawa vyote vinataka fedha. Hoja ya usaili ni ngumu zaidi, na hapo ndipo nionapo watetezi wa michezo wakipoteza muda kumhubiria mzazi, ilhali anayeshika mlango ni shule. Maadamu mtoto wa miaka mitano au sita anapimwa kwa kunakili herufi, mzazi mwenye akili atadai herufi. Mwalimu wa usaili angeweza kumwagia mtoto vijiwe kumi mezani, akamwomba abakize vitatu na kumrudishia vilivyosalia, kisha amsikilize anavyoeleza alichofanya.