IGF-1 na saratani ya matiti: jeni zinasema nini hasa

Kupima IGF-1 ili ujue kama utapata saratani ya matiti ni kupoteza fedha. Nasema hivi huku nikikubali kwamba kichocheo hiki cha ukuaji huenda kweli kinachangia ugonjwa.

IGF-1 hutengenezwa zaidi na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji. Huhimiza seli zigawanyike na huzizuia zisife. Shida ya kipimo cha damu ni kuyumba: ukifunga, ukikosa protini au ini likiugua, kiwango hushuka. Jeni hurithiwa mimba inapotungwa, kabla ya unene, pombe au uvimbe kuanza. Basi watafiti huchukua tofauti za jeni zinazopandisha IGF-1, kisha hutazama kama walionazo huugua zaidi.

Matokeo yaliyochapishwa 2020 kwa kutumia UK Biobank, hifadhi ya Uingereza ya taarifa za afya na jeni za watu wapatao 500,000, yalionyesha hivi: kila nanomoli 5 kwa lita zikiongezeka, hatari hupanda kwa asilimia 11 ukifuata damu, na asilimia 5 tu ukifuata jeni. Asilimia 5 ni ngapi? Katika wanawake 1,000 ambao 100 kati yao wangeugua, wangekuwa 105 hivi. Kwa mtu mmoja mmoja, hiyo haitabiri kitu.

Hata hiyo 5 ina mtego. Tofauti za jeni zilizotumika ni mamia, na baadhi huongeza pia urefu wa mwili, ambao wenyewe unahusiana na saratani ya matiti. Jeni ikipitia njia ya pembeni, IGF-1 husingiziwa. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: jibu linabaki vilevile ukitumia tofauti zilizo jirani na jeni ya IGF1 yenyewe? Na takwimu hizi ni za watu wenye asili ya Ulaya; tofauti zile za jeni haziwezi kuhamishiwa Waafrika kama zilivyo, kwa kuwa jeni zetu hazijapangana vivyo hivyo.

Tena, jeni hupima athari ya IGF-1 ya maisha mazima, si ya kuizuia ukubwani. Huko Ekuado, watu 99 waliozaliwa na kasoro ya kipokezi (sehemu ya seli inayopokea homoni) cha homoni ya ukuaji, wenye IGF-1 ya chini mno, walifuatiliwa miaka 22. Mmoja tu alipata saratani, nayo haikumuua. Lakini dawa ya figitumumab, inayoziba kipokezi cha IGF-1, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, jaribio lilisitishwa kwa kukosa manufaa. Huenda ni kwa sababu uvimbe ulikuwa umeshakomaa.