Kilo moja ya kahawa, kati ya Kibosho na Hamburg

Kila kilo ya kahawa iliyokaangwa inayouzwa hapa Ujerumani hutozwa kodi ya euro 2.19. Ni kodi ya kahawa peke yake, mbali na VAT. Nilipoijua nilimpigia mama simu kwetu Kibosho, Kilimanjaro, nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na hiyo serikali yao inapalilia wapi?"

Naandika kwa sababu kila tukikutana Watanzania hapa Hamburg, hakosi mtu wa kusema wenzetu wametajirika kwa kujituma na kujali muda, sisi tumelemaa kwa uvivu. Hoja hiyo ina wasomi wake. Mwaka 1960 mchumi Mmarekani W. W. Rostow alifundisha kwamba nchi zote hupanda ngazi ileile, wengine wametangulia tu. Badili mazoea, weka mtaji, utafika. Mimi napakua mizigo ghalani, saa nane kwa siku, na likizo nalipwa. Mama huamka saa kumi na moja alfajiri, akate majani ya ng'ombe, apalilie, apulizie mrututu, dawa ya ukungu wa mibuni, achume, amenye, aanike. Nionyesheni mvivu ni nani kati yetu wawili.

Naona ukweli zaidi kwa mchumi Raúl Prebisch wa Argentina, aliyeonyesha tangu miaka ya 1940 kwamba bei ya mazao ghafi huelekea kushuka ukiilinganisha na ya bidhaa za viwandani. Na kwa Walter Rodney, mwanahistoria Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, na kusisitiza kwamba utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni historia moja.

Nyumbani tuliyaishi hayo. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika mwaka 1989, kisha Vietnam ikaingia sokoni kwa kishindo. Kufikia 2001 bei ya dunia ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Marehemu baba aling'oa mibuni aliyoipanda babu, akaweka nyanya. Alilia, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Bidii yake haikuwa imepungua hata chembe.

Tena msiniambie hatujui kusindika. Bukoba kuna kiwanda cha kahawa ya unga tangu miaka ya 1960. Lakini kahawa yetu nyingi hukobolewa, ikapangwa madaraja, ikapigwa mnada na kuondoka ikiwa mbichi. Ujerumani, isiyo na shamba la kahawa, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani wa kahawa iliyosindikwa. Fedha iko kwenye kukaanga, jina la paketi na rafu ya duka, na huko sisi hatupo.

Yapo pia ya kwetu wenyewe. Chama chetu cha msingi cha ushirika kilimkalia mama malipo msimu mzima, na sehemu ya fedha hakuiona kamwe. Walioila walikuwa majirani, na kwa hilo siwezi kumlaumu mkoloni.

Mdogo wangu, kitinda mimba, ndiye aliyerithi kihamba, shamba letu la ukoo. Ana mibuni mipya, imeanza kuzaa. Juzi ameniomba nimtafutie nafasi hapa ghalani, na nimeshindwa kumwambia abaki.