Legezeni aina ya chakula, msilegeze chumvi na sukari

Kazi yangu hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ni kupakua chakula shuleni. Ikifika saa tano asubuhi mstari wa watoto umeshafika mlangoni, kila mmoja na trei yake. Kanuni ya serikali kuu naijua kwa moyo: mlo wa mchana una makundi matano, yaani matunda, mboga, nafaka, nyama au mbadala wake, na maziwa. Mtoto anaweza kukataa mawili, lakini kwenye trei lazima kuwe na angalau nusu kikombe cha tunda au mboga. Basi wengine huchukua tufaha ili wapite tu, kisha hulitupa pipani bila kulitia jino.

Pipa hilo limezua siasa nyingi. Sheria ya 2010 iliyopiganiwa na Michelle Obama, mke wa rais wa wakati huo, ilibana chakula cha shule: kuanzia mwaka wa masomo wa 2012 matunda na mboga yakaongezwa, nafaka zikatakiwa ziwe za unga usiokobolewa, na chumvi ikapangiwa kupungua hatua kwa hatua. Wenye majiko wakalalamika kwamba watoto hawali. Mei 2017 Waziri wa Kilimo Sonny Perdue akatangaza unafuu, na Desemba 2018 ukawa kanuni: nafaka zisizokobolewa zikashuka hadi nusu, hatua ya mwisho ya kupunguza chumvi ikafutwa, maziwa ya chokoleti yenye mafuta kidogo yakarudi. Aprili 2020 mahakama huko Maryland ikaitengua kanuni hiyo.

Sisi tuliokulia Dodoma ubishi huo tunaujua kwa jina jingine: dona na sembe. Nikiwa mdogo tuliliona dona ni chakula cha bweni na jeshini, na nyumba iliyopika sembe jeupe ilionekana imepiga hatua. Mama hakutusikiliza. Alisaga dona, akapika dona, nasi tukalila kwa sababu halikuwepo jingine, mpaka siku nilipoonja sembe kwa jirani nikaliona halina ladha. Kwa hiyo mtu akiniambia watoto hawatazoea mkate wa ngano nzima, namjibu kwamba ulimi wa mtoto hufundishwa. Nimewaona mwenyewe. Brokoli iliyochemshwa ikalegea wanaitupa; ile ile tukiichoma kwenye oveni na mafuta kidogo, wanarudi kuomba tena. Kabla ya kulegeza kanuni, mpishi apewe muda na vifaa vya kupika.

Ndiyo maana kanuni ya Aprili 2024 niliipokea vizuri. Kwa mara ya kwanza sukari ya kuongezwa iliwekewa kikomo: maziwa yenye ladha, kwa mfano, yasizidi gramu 10 kwa kikombe kimoja. Lakini kanuni hiyo hiyo ikafungua mlango upande mwingine. Shule za visiwa vya Marekani kama Hawaii, Guam na Puerto Rico, na zile zenye watoto wengi wa Wenyeji wa Marekani zinaruhusiwa kuhesabu mazao kama viazi vikuu, viazi vitamu, ndizi za kupika na shelisheli mahali pa nafaka. Niliposoma hapo nilifurahi kweli. Kumbe inawezekana kumwambia mtoto kwamba chakula cha bibi yake nacho ni chakula, bila kumwongezea hata chembe ya chumvi. Unafuu wa namna hiyo nautaka ufike na kwetu hapa mjini, penye watoto wa Kisomali, wa Kihmong (jamii ya Kusini-Mashariki mwa Asia) na wa Kikongo. Kuna binti mmoja, wazazi wake ni wa Kivu, mashariki mwa Kongo, kila asubuhi huniuliza, "Mama, leo kuko muchele?" Siku ya wali trei yake hurudi tupu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikapita shule ya msingi niliyosoma. Huku Minnesota tangu 2023 kila mwanafunzi wa shule ya umma anakula bure. Kule mtoto anakula kile ambacho wazazi wameweza kuchanga. Mvua ikikataa, stoo inakauka na jiko halikokwi. Ilipokuja elimu bila malipo mwaka 2016, baadhi ya wazazi walidhani na chakula kimeingia humo, wakaacha kuleta. Siwalaumu, debe la mahindi ni mali kubwa kwa mwenye watoto wanne.

Siku ile kulikuwa na makande. Mahindi, maharagwe, chumvi, basi. Nilikula nao na yalikuwa matamu, ila mwalimu wa zamu aliniambia ndiyo hayo Jumatatu hadi Ijumaa, muhula mzima, bila jani wala tunda. Getini watoto wenye mia mbili wananunua juisi za rangi. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni upo, umeandikwa vizuri, lakini pale jikoni hakuna anayeuulizia. Kwetu unafuu umekuwa mkubwa mno, na anayeulipia ni mtoto.

Sitaki shule ile ipewe makundi matano ya Marekani. Maziwa ya kila siku watatoa wapi? Nilichokiomba kwa kamati ya shule ni kitu kimoja kisichojadiliwa: kila siku ya masomo, sahani iwe na mboga. Mwenyekiti akauliza swali la haki, kiangazi mboga zinatoka wapi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni ndiye aliyejibu: mlenda na majani ya kunde tunakausha wenyewe kila masika, vinakaa mwaka mzima. Tukakubaliana kwamba msimu huu kila mzazi, pamoja na debe lake, alete kopo moja la mboga kavu. Simu yangu ya Jumapili kwa mwalimu mkuu sasa ina swali moja la kwanza: stoo ina makopo mangapi?